Kadi ya Njano ya Mke Wangu

Mke wangu alikuwa fundi cherehani, na si fundi wa kubahatisha. Suruali aliyoikata yeye ilikaa kiunoni kama imezaliwa hapo. Miaka sita nyuma aliugua akili. Siku tisa hakulala, akafumua nguo zote za wateja akisema nyuzi zinamsengenya. Hospitali wakampa dawa, akatulia, akarudi kwenye mashine yake. Wakampa na kadi ya njano, ile ya wagonjwa wa akili.

Tangu hapo fundi akafutika, ikabaki kadi. Akimkaripia mteja, naulizwa, "Shemeji, huyu leo kameza dawa?" Akicheka sana, dawa. Akinyamaza, dawa. Dada yangu akawa anamficha mkasi wifi yake. Mkasi! Fundi atakata kwa meno? Mwishowe na yeye mwenyewe akawa ananiuliza, "Mzee wangu, hizi ni hasira tu, au ndiyo inaanza?" Wale wa hospitali hawakumwandikia ugonjwa, walimwandikia mtu mwingine kabisa.

Asubuhi moja aliamka ameshika tumbo upande wa kulia, ametapika mara tatu. Njiani akaniambia, "Kadi iache mfukoni. Leo nataka kuingia kama mtu mwenye tumbo."

"Sawa, mama."

Foleni ya hospitali ilifika getini. Pale wana utaratibu wao: mwenye kadi ya njano hapangi foleni, anapitishwa mbele asije akafanya fujo. Mke wangu kajikunja sakafuni, jasho linamchuruzika. Saa nzima nikavumilia. Nikaitoa.

Aliniona. Akageuza uso.

Tulipitishwa upesi, sikatai. Tukapelekwa chumba namba tisa, cha wagonjwa wa akili.

"Mama, sauti zimerudi?" daktari akauliza.

"Daktari, ni tumbo."

"Linakuambia nini?"

Na maumivu yote yale, akamjibu, "Linaniambia nimeletwa chumba sicho."

Nesi akacheka. Daktari hakucheka, aliandika.

"Mshike hapa tu, daktari," nikamwomba. "Hapa pa kulia."

"Mzee, mimi na wewe nani kasomea?"

Mimi niliishia darasa la nne, nikasogea pembeni. Wakamchoma sindano ya kumtuliza, akalala. Utumbo ulipasuka humohumo usingizini. Alasiri walipokuja kumwamsha, alikuwa wa baridi.

Karatasi ya kifo ikaandikwa: mgonjwa wa akili wa muda mrefu. Tumbo halikutajwa popote. Nikaenda kwa mganga mkuu nikamwambia alibadilishe neno lile, mke wangu azikwe na ugonjwa uliomuua.

"Kadi aliitoa nani?" akaniuliza.

"Niliitoa mimi. Lakini mliiandika ninyi, na foleni ni yenu, na mikono ya kumshika tumbo mlikuwa nayo ninyi!" Nikapiga meza, kalamu zikaruka.

Akatazamana na nesi wake. Kisha akalainisha sauti, ile sauti niliyoisikia miaka sita wakizungumza na mke wangu.

"Baba, siku hizi usingizi unapata?"

Akavuta karatasi mpya, akaangalia saa, akaanza kuandika tarehe.

Nikaziokota kalamu zake moja moja, nikazipanga mezani, nikamwambia usingizi ninao wa kutosha, ahsante sana daktari.