Mwanafarasi wa Shilingi Elfu Kumi na Mbili

Mwaka wa arobaini na saba Yeslam bin Awadh, mfanyabiashara wa samli na ngozi, aliagiza mwanafarasi wa miaka miwili kutoka Uingereza kwa shilingi elfu kumi na mbili. Farasi mwenyewe alikuwa hajashindana hata mara moja. Alichokilipia Yeslam ni ukoo, kwa kuwa baba wa farasi huyo alikuwa bingwa wa mbio na mama yake alizaa washindi. Mkewe, Zubeida, alimwambia kwamba fedha hizo zingenunua nyumba ya mawe, na nyumba haivunjiki mguu. Yeslam alijibu kuwa farasi akishinda mbio za Nairobi mara mbili tu, bei itakuwa imerudi.

Saisi wake alikuwa Kalama, mtu wa Rabai aliyetunza farasi wa jeshi wakati wa vita. Hakuna farasi aliyewahi kumtisha, ila huyu alimtisha tangu siku ya kwanza. Kalama angefanya kazi mpaka uzeeni, na mshahara wake wote usifikie bei ya farasi huyu. Kila alipomwinua kwato kuitazama, aliishusha chini polepole kama yai.

Walimpumzisha mwezi mzima shambani Likoni, kisha ikafika siku ya kumvusha kwenda Mombasa kupanda treni ya Nairobi. Kalama aliomba wavuke kwa feri isiyo na abiria, farasi akiwa amefungwa kitambaa machoni. Yeslam alisema treni haitawangoja, na kitambaa kimesahauliwa shambani.

Basi wakaingia asubuhi ile pamoja na lori moja na wanawake wa Mtongwe waliokuwa wakipeleka mihogo sokoni. Kalama aliukamata ugwe wa hatamu kwa mikono miwili, akamnong'oneza farasi maneno ya Kirabai. Alihisi moyo wa mnyama ukienda mbio kuliko injini.

Walipofika katikati ya mkondo, meli iliyokuwa ikitoka bandari ya Kilindini ikapiga honi.

Farasi alisimama kwa miguu ya nyuma. Watu wakakimbilia kona, mihogo ikamwagika. Mwanamke mmoja, Mbeyu, aliyebeba mtoto mgongoni, aliteleza akaanguka baina ya gurudumu la lori na kwato za nyuma. Kalama alivuta ugwe, na kadiri alivyovuta, ndivyo farasi alivyozunguka na kumkaribia yule mwanamke. Kwato moja ilitua shibiri moja kutoka kichwa cha mtoto.

"Mshike!" Yeslam alimwambia kutoka nyuma ya lori. "Ukimwachia umenimaliza."

Upande mmoja tu ulikuwa mtupu, nao ulikuwa upande wa bahari. Kalama alimgeuza kichwa kuelekea huko, akauachia ugwe na kumchapa shingoni kwa kiganja. Farasi akaruka mnyororo wa ukingoni mwa feri, akatumbukia baharini.

Mbeyu alikuwa akimpapasa mwanawe mwilini, akitafuta palipoumia, asipaone. Kalama alitazama kichwa cheusi cha farasi kikichukuliwa na mkondo, akawaza juu ya jela, na watoto wake watakula nini.

Farasi walimkuta ufukweni Mtongwe, amesimama katikati ya ngalawa za wavuvi, anatetemeka, mguu wa mbele umechanwa na mwamba mpaka mshipa mkubwa unaonekana. Daktari wa mifugo aliyeitwa alisema ataishi, lakini kushindana asahau.

Yeslam aliketi mchangani na kanzu yake nyeupe. Kalama alisimama mbali kidogo, akingoja kuitiwa polisi.

"Ungemshika," Yeslam alisema mwishowe.

"Ningemshika, bwana, yule mama angekufa na mwanawe."

Yeslam aliinama akitazama mchanga. Alipoinua uso, Kalama aliona kuwa naye ameogopa, na si kwa ajili ya farasi.

"Nilimwona, Kalama. Wallahi, nilimwona yuko chini, na bado nikakwambia umshike."

Polisi hakuitwa. Farasi alibaki Likoni, akichechemea chini ya minazi, na Kalama akaendelea kumtunza.

Mwaka uliofuata wakala wake wa Uingereza aliandika kwamba kuna mwanafarasi mwingine, mdogo wa yule wa kwanza kwa mama, mwenye mbio zaidi na bei zaidi. Yeslam alikaa na barua ile siku tatu. Siku ya nne alikwenda bandani akamwambia Kalama kuwa amejibu hapana. Kalama alisema vyema, bwana. Yeslam alipoondoka, Kalama aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwinua yule farasi kwato, akaitazama bila haraka.