Tangi Lisilofika Ijumaa

Mzee Koki hakuzaliwa na jina hilo. Walimpa watu wa mtaa alioishi zamani, kwa kuwa kwa miaka arobaini hakukuwa na nyumba iliyovuja asiitwe, na kila alipofika, hata salamu hazijaisha, alikuwa anauliza: "Koki iko wapi?" Maji yafungwe kwanza, maneno baadaye. Jina likamganda. Hata marehemu mkewe alikuwa anamwita hivyo mbele ya wageni.

Mkewe alipofariki, mwanawe wa pekee akamchukua akae naye. Mwana huyo alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole lakini mwenye kupenda kila jambo liwe na jibu moja. Mke wake alikuwa msusi, na chumba cha mbele alikigeuza saluni: viti viwili, kioo kirefu, na beseni la kuoshea nywele. Mzee alipewa chumba cha nyuma chenye bafu lake, akakaa kwa heshima na kwa amani.

Shida ya nyumba ile ilikuwa maji. Mtaani yalifunguliwa mara moja kwa wiki, Ijumaa asubuhi. Yakija, yalijaza tangi kubwa lililokaa juu ya mnara wa matofali nyuma ya jiko, na hayo ndiyo ya kupikia, kufulia, kuogea na kuoshea vichwa vya wateja hadi Ijumaa nyingine. Miaka yote tangi lilifika. Pengine lilifika likichechemea, lakini lilifika.

Kisha likaanza kuishia njiani. Wiki moja likakauka Alhamisi, wiki iliyofuata Jumatano, halafu Jumanne. Msusi akawa anaosha wateja kwa maji ya kubeba kwa ndoo, mteja ana povu kichwani, naye anakimbia uani.

Bahati mbaya ni kwamba katika siku hizo hizo Mzee Koki alifanya kosa moja. Alikuwa ananawa, simu ikalia chumbani, alikuwa dada yake. Akaenda kuipokea, wakazama katika mazungumzo ya ndugu na magonjwa, na bomba akaliacha wazi. Maji yakafurika, yakapita ukumbini, yakaingia saluni. Mteja mmoja akainua miguu kama kuku aliyekanyaga matope. Watu wakacheka, sakafu ikakaushwa, ikaisha.

Haikuisha. Tangi lilipokauka tena, mwalimu alimfuata baba yake chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba, hakuna anayekulaumu," alisema. "Umri nao una mambo yake. Mtu anafungua, anasahau."

Mzee Koki alikuwa ametukanwa na wateja wengi maishani, na matusi yote yale hayakumchoma kama upole ule. Akajibu tu, "Nitaangalia zaidi, mwanangu."

Na kweli aliangalia. Kila alipofunga bomba alisema kwa sauti, "Nimefunga." Akifika mlangoni alirudi kuligusa tena. Usiku alijipima akili kwa kutaja vipimo vya mabomba, nusu inchi, robo tatu, inchi moja, moja na robo, mpaka usingizi umchukue. Tangi likakauka vilevile.

Ndipo mwalimu akachukua hatua mbili. Ya kwanza, aliweka miadi kwa daktari ili baba apimwe kumbukumbu, Jumatatu ya wiki ya pili. Ya pili, Ijumaa maji yalipokuja tu, alifunga koki ya bafu la baba yake, akaung'oa mkono wa koki, akampa mkewe autunze. Mzee akaletewa ndoo na kata.

Fundi bomba kuoga kwa kata! Mzee Koki aliitazama ile ndoo kama mpishi aliyenyimwa jiko. Akaoga hivyo hivyo. Lakini Jumanne asubuhi, akiwa bado anakunywa chai, alisikia sauti ya msusi kutoka jikoni: "Yameisha tena!"

Mwalimu na mkewe walibishana kwa sauti ya chini, na sauti ya chini katika nyumba ndogo ni kama kipaza sauti.

"Si Baba," msusi alisema. "Mkono wa koki uko kwenye droo yangu, na ufunguo wa droo ninao shingoni. Ameoga ndoo moja kwa siku. Amefungua nini?"

"Yule ni fundi," mwalimu alijibu. "Koki anaifungua hata kwa koleo. Pengine anafungua na hajui kama anafungua."

Mzee aliweka kikombe chini. Maneno yale yalimwingia baridi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuyawaza. Je, kama kweli anaamka, anafungua, anafunga, na asubuhi hakumbuki? Mtu atamshikaje mwizi ikiwa mwizi ni yeye? Akainuka, akavuta mfuko wake wa vyuma kutoka chini ya kitanda, akaubeba hadi saluni.

"Niwekee, mwanangu," alimwambia mkwe wake. "Spana, koleo, vyote vimo. Kama ni mimi, nisiwe na cha kufungulia."

Msusi aliupokea kwa mikono miwili. Aliuona uso wa mkwewe, na siku ile nzima alisuka akiwaza.

Ijumaa maji yakaja, tangi likajaa. Jumamosi mwalimu alikwenda kusimamia mitihani. Alipotoka tu, msusi akaufunga mlango wa saluni, akachukua ule mfuko wa vyuma, akaenda nao chumbani kwa mzee, akautua miguuni pake.

"Baba, leo sina mteja mpaka saa nane," alisema. "Mimi kumbukumbu sijui kuzipima. Lakini maji ni kitu, na kitu hakipotei bila kwenda mahali. Niambie tuanzie wapi."

Mzee akamtazama, akautazama mfuko. "Tuanze kwa kufunga kila kitu," alisema.

Wakafunga mabomba yote, la jikoni, la saluni, la uani. Msusi akapanda ngazi ya mnara na fimbo ndefu, akaichovya tangini mpaka chini, akaweka alama kwa mkaa pale unyevu ulipokomea. Wakakaa jikoni saa mbili nzima bila kunawa hata kidole. Alipopanda mara ya pili na kuichovya tena, aliita kutoka juu, "Baba! Yameshuka vidole viwili!"

"Vidole vyako au vyangu?"

"Vyangu!"

"Basi yanatoka," alisema mzee, na mgongo wake ukanyooka kidogo. "Na mimi nimekaa hapa mbele ya macho yako."

Akazunguka nyumba. Kuta kavu, sakafu kavu, udongo wa uani mkavu kama majivu. Maji yanayovuja huacha dalili, isipokuwa yawe yanavujia mahali ambapo tayari pana maji. Akasimama ghafla. Akaenda chooni, kile cha ndani ambacho wateja wa saluni walikitumia, akaondoa kifuniko cha tangi dogo la kusukumia maji, akachungulia.

"Una rangi ya nywele?" akauliza.

"Ipi? Nyeusi, kahawia, nyekundu?"

"Yoyote inayoonekana."

Msusi akaleta nyekundu, ile iliyopendwa na mteja wake mmoja mwenye mbwembwe. Mzee akadondosha matone kwenye lile tangi dogo, maji yakawa kama sharubati. "Sasa hakuna kugusa. Tusubiri robo saa. Kama mpira wa chini unaziba, rangi itabaki humu. Kama hauzibi, itajionyesha yenyewe."

Robo saa haikufika. Uzi mwembamba mwekundu ulianza kuteremka ukutani mwa sinki la choo, ukajikunja majini, ukafuatwa na mwingine. Hapakuwa na tone, wala sauti ambayo asiye fundi angeisikia. Maji yalikuwa yanatoroka mchana na usiku, kama mtoto anayetoka nyumbani na viatu mkononi.

Msusi alipiga kigelegele, akajiziba mdomo, kisha akakipiga tena. Mzee alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akashusha pumzi ambayo alihisi ameibana kwa mwezi mzima. Alitaka kucheka, yakaja machozi. Akayaacha.

Hivyo ndivyo mwalimu alivyowakuta aliporudi: mkewe amepiga magoti, baba yake amekaa chini, wote wanatazama choo chekundu.

"Kuna nini? Nani ameumia?"

"Hakuna aliyeumia," alisema mkewe. "Njoo umwone mwizi wako."

Akaelezwa. Akatazama ule uzi mwekundu ukiteremka, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha mwalimu wa hesabu akashuka kwenye sakafu ile ya choo, na suruali yake ya kazini, akaushika mkono wa baba yake.

"Nisamehe, Baba. Nilipata jibu kabla ya kusoma swali."

"Na mimi nilikuwa nimelikubali jibu lako," alisema mzee. "Hilo ndilo lililonitisha. Nisaidie kuinuka, mpira huu ubadilishwe."

Kazi ilikuwa ya nusu saa. Alipomaliza kuweka mpira mpya aliteremsha na boya, ili tangi dogo lijae kiasi kinachotosha tu, si mpaka ukingoni.

"Ile miadi ya daktari nitaifuta," alisema mwalimu.

"Usiifute. Nitakwenda, ila anipime masikio. Zamani maji yakipita penye mpira uliochakaa niliyasikia nikiwa barabarani. Mwezi mzima yamenipita mlangoni, sikusikia kitu." Jumatatu wakaenda, na daktari akathibitisha kwamba akili ya mzee ilikuwa nzima, ila sikio la kushoto lilikuwa limezeeka kumtangulia mwenyewe. Mzee alitoka pale akitembea haraka kuliko alivyoingia.

Tangu hapo hakutulia. Alitazama maji ya saluni yakienda mtaroni, akatikisa kichwa. "Maji ya suuza ya mwisho yana kosa gani?" Akaunganisha bomba kutoka kwenye beseni la nywele, lenye njia mbili: ya povu kwenda mtaroni, ya suuza kwenda kwenye pipa uani, yakipita kwanza kwenye soksi kuukuu ya kunasa nywele. Maji ya pipa yakawa ya chooni na ya kudekia. Kwenye mabomba ya jikoni na bafuni akafunga vichujio vidogo vinavyochanganya maji na hewa, mkono ukaona mengi huku tangi likitoa machache. Msusi alijifunza kugeuza njia ya bomba kwa kiwiko, mikono ikiwa kichwani mwa mteja, na wateja wakaanza kuuliza fundi ni nani.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, kabla maji ya mtaa hayajafika, mwalimu alipanda mnara mwenyewe. Mzee na msusi walisimama chini, shingo juu. Kifuniko kikalia. Akachungulia.

"Vipi?" aliita msusi. "Usituue!"

Mwalimu alichungulia tena, kana kwamba haamini hesabu yake. "Yapo! Karibu nusu!"

Msusi alimkumbatia mkwewe, heshima zote pembeni. Mzee Koki akaanza kucheka, kicheko cha tumboni ambacho hakikuwa kimesikika katika nyumba ile tangu ahamie. Halafu akasema ana usingizi, na kwamba wasimwamshe hata kwa chakula. Akaenda kulala mchana kweupe, madirisha wazi, akalala fofofo hadi jua likageuka upande wa pili wa nyumba.