Mtamba Asiyetokea Ukurasani

Gumato alikuwa mkali, na programu zake zilimrithi. Ule ukurasa wa mifugo iliyopotea, alioutengeneza mwenyewe katika ofisi ya chama cha wafugaji pale Garsen, haukuwa na masihara. Aliuunda kwa vipande, kila kipande na kazi yake: hiki cha picha, hiki cha jina, hiki cha kadi nzima ya mnyama. Na kila kipande kilikagua kilicholetwa kabla ya kukionyesha. Umri uwe namba. Rangi iwe neno. Mama wa ng'ombe awe jina, basi. Kadi isiyotimiza ilirukwa kimyakimya, na wewe uliyeituma ungekodoa macho mpaka uchoke.

"Afadhali kadi chache safi," aliwaambia wenzake. Nani angebishana naye?

Ofisini alisema ukurasa ni kwa ajili ya jamii. Maneno tu hayo. Aliutengeneza kwa ajili ya Jilo, mumewe, aliyepeleka mifugo kaskazini wakati wa ule ukame mkubwa. Alikwenda na ng'ombe wa Gumato pia, uzao wa Diima, yule mwekundu ambaye Gumato alipewa na baba yake siku ya ndoa. Habari zilizorudi zilikuwa za mizoga. Jilo mwenyewe hakurudi, na simu yake ikawa haipatikani. Watu wakasema amekufa. Wenye ndimi zao wakasema ameoa hukohuko. Gumato alimjua mumewe. Ilikuwa aibu tu: utarudije mikono mitupu kwa mke ambaye mali yake imekufia mikononi mwako? Na yeye wala hakutaka ng'ombe. Alimtaka Jilo, anayekohoa mlangoni kabla ya kuingia ndani, anayekunywa chai mpaka yabaki majani. Alimtamani hadi akajichukia, mtu mzima na kazi yake, kila jioni anatoa vikombe viwili halafu anarudisha kimoja.

Asubuhi moja akapigiwa simu na Abdiaziz, mwenye duka kule Bangale, ambaye wafugaji wa huko humwendea awatumie taarifa za mifugo.

"Dada Gumato, yule mtamba mwekundu niliyekutumia mbona hatokei?"

"Abdi, wewe na mtandao wenu."

"Mtandao ni mzima. Wengine wote wametokea. Huyu nimemtuma mpaka nimechoka."

Gumato akashusha pumzi, akafungua ule upande wa ukurasa ambao watu wa kawaida hawauoni, mahali ambapo vipande hunung'unika kwa maandishi mekundu. Manung'uniko hayo aliwahi kuyaona, akayapuuza. Leo aliyasoma. Sehemu ya mama ilitarajiwa kuwa neno. Kilicholetwa ni kitu. Kitu, kwa watu wa kazi yake, ni fungu lenye sehemu zake ndani: jina, rangi, umri. Yaani panapotakiwa jina la mama, Bangale walileta ng'ombe mzima.

"Umenichezea fomu, Abdi?"

"Niliongeza kidogo tu. Aliyemleta alikataa katakata. Nilimwambia taja jina la mama, inatosha. Akasema kwao ng'ombe hasemwi hivyo, lazima nimwandike mama vizuri, na mama wa mama. Ningefanyaje? Nikamwekea nafasi."

Kwao. Nyumbani kwao Gumato hivyo ndivyo ng'ombe wanavyotajwa, mtoto na mama na bibi, na yeye alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Akaenda kuandika kanuni ya jina moja kwa sababu ilikuwa fupi. Akalifungua lile fungu. Ndani yake mlikuwa na mama, mwenye doa jeupe shingoni. Ndani ya mama mlikuwa na mama mwingine, na jina lake Diima.

Alilisoma tena jina hilo, herufi kwa herufi.

"Huyo mtu yuko wapi?" aliuliza.

"Alikuwa anakuja kila siku ya mnada. Anaomba simu yangu, anaangalia ukurasa, ananirudishia. Anasema mtamba si wake, ni wa mtu huko Garsen. Mwenyewe akimtaka, atabonyeza pale penye 'ni wangu', naye atamleta kwa miguu yake. Mnada uliopita akaangalia, mtamba hayupo, akasema basi, huko Garsen hatakiwi, ameshajibiwa."

Ameshajibiwa. Gumato akaziba mdomo kwa mtandio. Muda wote alioutumia kumlilia, Jilo alikuwa amesimama dukani kwa Abdiaziz anaomba ruhusa ya kurudi, na kanuni aliyoiandika yeye ndiyo iliyokuwa ikimfukuza.

Aliibadilisha palepale. Mama aweza kuwa jina. Aweza pia kuwa ng'ombe, anayekaguliwa vilevile kama mtoto wake, naye na mama yake, hadi msemaji atosheke. Kadi ikatokea. Mtamba alikuwa amekonda lakini mzima, na pembeni mwa picha palionekana mkono umeshika kamba. Mkono ule aliujua.

"Abdi, mnada lini?"

"Kesho."

"Akija, mwonyeshe."

"Na asipokuja?"

"Funga duka ukamtafute. Nakuomba, ndugu yangu."

Akabonyeza 'ni wangu'. Ukurasa, kwa ukali aliouumba mwenyewe, ukamtaka aandike alama ya kumtambulisha mnyama anayemdai. Gumato akafuta machozi, akaandika: Hukohoa mlangoni kabla ya kuingia ndani. Kipande kikakagua, kikaona ni maneno, kikapokea.

Kule Bangale Abdiaziz akasoma kwenye simu yake, akasoma tena.

"Dada, hii si alama ya ng'ombe."

"Najua," Gumato akasema. "Msomee hivyohivyo."