Ngamia wa Hewani

Vijana wa siku hizi wakiagiza viatu kwa simu, kisha wakaviandikia maneno ya sifa au ya lawama, hujiona wao ndio wa kwanza. Haya, na wajione. Garissa ya miaka ya tisini, simu ya mkononi haijanusa hata daraja la mto, mtu alikuwa anaweza kukaa kwenye kigoda, akanunua ngamia aliyeko Kutulo, mbali huko kaskazini, bila kumwona hata mkia, na akamlaumu muuzaji wake mbele ya mkoa mzima.

Soko lenyewe lilikuwa ndani ya duka la Abdiqani, nyuma ya magunia ya sukari. Hapo palikuwa na taar, yaani redio ya kuzungumzia na watu wa mbali, iliyokula umeme wa betri ya lori na kupandisha waya wake juu ya bati. Ukibonyeza kitufe unaongea, ukikiachia unasikiliza, na ukimaliza unasema "ova" ili mwenzako ajue zamu ni yake. Kila alasiri wenye mali waliita kutoka Wajir, Ifo na Kutulo, wakataja walicho nacho. Abdiqani alikuwa na sheria moja: aliyenunua sharti arudi hewani atoe ushuhuda, wengine wasikie. Mpaka atoe, biashara haijaisha.

Sirad hakuliamini soko hilo hata kidogo. Yeye aliuza vitambaa, na hakuwahi kununua hata kitunguu bila kukibinya. Lakini mwaka ule alikuwa na mama yake ndani ya nyumba.

Mama huyo, Qali, aliletwa kutoka Kutulo baada ya ukame kumaliza ngamia wake wote. Tangu aje, kila asubuhi alifunga mzigo wake mdogo, akauweka mlangoni, akaukalia, akatangaza, "Leo narudi Kutulo." Ikifika adhuhuri anaufungua, anatoa mkeka wa kuswalia, na siku imepita. Sirad alikuwa akienda sokoni roho juu, hajui atamkuta au hatamkuta. Aliolewa mbali na mama yake akiwa msichana mdogo, wakaishi kwa salamu za kutumiana na madereva, na sasa kwa kuwa Mungu amemleta chini ya bati lake, alitaka abaki. Hakutaka kingine.

"Hooyo, unakosa nini hapa?" alimuuliza siku moja. Hooyo ndiyo mama kwa lugha yao.

"Maziwa ya ngamia."

"Sokoni yamejaa."

"Ya ngamia gani? Anaitwa nani? Mimi ninywe maziwa ya mnyama ambaye hata jina lake silijui, kwani nimekuwa mwizi?"

Korane, mume wa Sirad, alikuwa karani wa ofisi ya serikali, mtu wa tai hata Jumamosi. Akasema bila kuinua macho kwenye chai yake, "Basi mnunulie ngamia mwenye jina." Alikuwa anatania, maskini. Alasiri hiyo hiyo Sirad alikuwa ameketi mbele ya taar.

Mwenye ngamia alikuwa Dagane wa Kutulo. Alimsifia ngamia wake: jike, mweupe, anaitwa Addo, sikio la kushoto limechanika, ana maziwa. Sirad akataka kwanza kujua muuzaji ni mtu wa namna gani, na Abdiqani akatangaza kwamba anayemjua Dagane aseme.

"Mimi aliniuzia mbuzi," ilisema sauti ya Ifo. "Nilipomteremsha kwenye gari, alikuwa mbuzi. Sina lalamiko. Ova."

"Mimi aliniuzia punda," ilisema ya Wajir. "Punda mwenyewe hana kasoro, ila ananidharau. Sijui kosa ni la Dagane au ni la punda. Ova."

"Mimi sijanunua kitu kwake," alisema mwanamke mmoja, Fartun, pia wa Wajir, "lakini sauti yake naipenda. Ova."

Sirad aliona huo ni ushahidi wa kutosha. Ikabaki bei, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Bei ya ngamia haitajwi kwa mdomo. Mnunuzi na muuzaji hushikana vidole chini ya shuka, wakabinyana mpaka waelewane, na aliyesimama pembeni asijue kitu. Sirad hakuwa tayari kuvunja adabu ya mababu kwa ajili ya betri ya lori. Basi akaufunika mkono wa Abdiqani kwa shuka, pamoja na taar yenyewe, akambinya vidole. Abdiqani kwa mkono wa pili akabonyeza kitufe, akasema kwa sauti ya kutosha kilichobinywa. Kule Kutulo mwenye redio naye akaingiza mkono chini ya shuka lake, akambinya Dagane vivyo hivyo, akabinywa jibu, akalitangaza. Walipopatana, Wajir walipiga makofi, na Ifo kuna aliyesema mama wa Garissa amepunjwa. Sirad akaondoa shuka, ameridhika kabisa kwamba siri haijatoka.

Addo alifika juu ya lori, amefungwa magoti katikati ya magunia, na kila neno la Dagane likawa kweli. Alikuwa mweupe, sikio limechanika, na uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Qali alimzunguka polepole, akampapasa shingo.

"Jina lake?"

"Addo."

"Jina zuri," alisema Qali. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza jema tangu aingie mji huo, na Sirad nusura achezee palepale barabarani.

Asubuhi Korane akapewa ndoo, maana kwao kukamua ngamia ni kazi ya wanaume, na mwanamume wa nyumba ile alikuwa yeye. Akaingiza tai ndani ya shati, akachuchumaa, akavuta. Hakuna. Akambembeleza. Hakuna. Akakumbuka kwamba ngamia huimbiwa, akamwimbia wimbo pekee aliojua wote, ule wa gwaride la shuleni kwake, hadi mwisho. Addo akamkanyaga kiatu. Qali alikuwa ameketi juu ya mzigo wake mlangoni, anatazama.

"Nikitoka sasa nitawahi lori la mchana," alisema.

Sirad alikwenda kwa Abdiqani mbio, kiatu kilichokanyagwa mkononi.

"Dagane, ngamia wako mkavu! Ova."

"Si mkavu," alijibu Dagane bila haraka. "Amemwona ndama wake? Ova."

"Ndama gani? Ova."

"Ndama wake. Yuko hapa, ananinyonya kidole. Ulisema unataka ngamia, nikakuuzia ngamia. Ungetaka na ndama ungesema na ndama. Ova."

Hewa ikachafuka. Ifo walisema muuzaji alipaswa kueleza. Wajir walisema mnunuzi alipaswa kuuliza. Mwenye punda alisema kila mnyama ana yake moyoni, na aachwe nayo. Sirad uso ulikuwa unamwaka. Mtoto yeyote wa wafugaji anajua kwamba ngamia hateremshi maziwa mpaka amwone ndama wake au amsikie. Naye alizaliwa katikati ya ngamia, akalala ubavuni mwao. Kupima vitambaa kumemtoa hilo kichwani, na aliona aibu kweli.

Ndama alikuwa mchanga mno, lori lingemuua njiani. Basi Dagane akasema kitu ambacho mtu mwenye akili timamu hasemi, nao, kwa kuwa walikuwa wameshafika pale walipofika, wakakubali. Akasema, "Mleteni Addo kwenye redio."

Ikawa ndiyo kazi ya kila asubuhi. Addo anaongozwa katikati ya maduka, anaingiza shingo ndani kwa Abdiqani, kichwa juu ya sukari. Kutulo, Dagane anamsogeza ndama kwenye redio. Ndama analia, sauti inakuja ikikwaruza, Addo anatetemeka mwili mzima, na Korane huko nje, tai ndani ya shati, anakamua mpaka povu linapanda. Mkoa mzima ulijifunza kunyamaza wakati huo. Malalamiko hayakukosekana. Mtu wa Ifo alisema ngamia wake anasikia kilio hicho na kumwaga maziwa kabla hajaleta chombo, akaomba saa ibadilishwe. Fartun akadai hata yeye, ambaye mwanawe wa mwisho ameota ndevu, alihisi kitu kifuani.

Lakini Qali alikunywa. Akanywa, akapangusa mdomo, akaomba tena, na mzigo haukuonekana tena mlangoni. Sirad aliuza vitambaa huku akiimba. Abdiqani alipomdai ushuhuda, alimwambia angoje kidogo, anautengeneza, maana utakuwa wa sifa tupu.

Qali akaanza kufuatana na Addo dukani. Anaketi juu ya gunia, anasikiliza ndama akilia. Asubuhi moja alinyoosha mkono, akachukua kipaza sauti.

"Dagane, huyo ndama ananyonya kwa nani? Ova."

"Kwa huyu, kwa yule. Wanamfukuza, mama. Anakonda. Ova."

Qali akakirudisha, na njia nzima ya kurudi alimshika Addo shingoni.

Kesho yake Sirad aliukuta mzigo mlangoni. Umefungwa, na safari hii mama yake hakuukalia. Alikuwa amesimama, kamba ya Addo mkononi.

"Hooyo, maziwa si unapata?"

"Napata."

"Basi unakosa nini?"

"Sikosi kitu. Ndiyo maana naenda." Alimtazama binti yake kwa huruma. "Kwani ulidhani nimekaa hapa siku zote hizi kwa nini? Ningerudije Kutulo mikono mitupu, mimi Qali, nikae kwa kaka yangu Jelle ninyweshwe maziwa ya ngamia wa watu? Kila asubuhi nafunga mzigo, nakumbuka sina ngamia, naufungua. Sasa ninaye. Umeninunulia wewe mwenyewe, Mungu akujaze kheri."

Sirad aliishika nguzo ya mlango. Kilichombakiza mama yake mjini ni kukosa ngamia, naye ndiye aliyekwenda kumtafutia, kwa vidole vyake mwenyewe, chini ya shuka.

"Na huyu ana mtoto Kutulo," Qali aliendelea. "Unamsikia kila siku anavyomlilia."

"Na wewe una mtoto hapa," alisema Sirad.

Qali alimshika shavu. "Wewe, hooyo," alisema, kwa maana kwao mama naye humwita mwanawe hivyo hivyo anapompenda, "wewe nilishakuachisha ziwa."

Lori liliondoka mchana, Addo juu, Qali mbele kando ya dereva, mzigo mapajani.

Walipofika Kutulo, Abdiqani alituma mtu kumwita Sirad. Alikuja, akaketi juu ya gunia lile la mama yake. Ndani ya taar hapakuwa na kilio cha ndama. Kulikuwa na mlio mwingine, mwembamba, wa maziwa yakipiga chombo, kisha mlio ukawa mzito, chombo kikijaa.

"Sirad, umesikia?" ilisema sauti ya mama yake. "Jelle ndiye anayekamua. Ndama ananyonya upande wa pili. Wewe umekunywa chai? Ova."

Sirad alibonyeza kitufe. Akakiachia.

Abdiqani alikohoa. Alikuwa mtu wa sheria. "Mteja wa Garissa bado hajatoa ushuhuda," alitangaza. "Wajir, Ifo, Kutulo, nyamazeni asikike."

Wakanyamaza wote, hata mwenye punda. Sirad alijifuta macho kwa pindo la shungi, akabonyeza tena.

"Muuzaji ni mkweli. Ngamia ni kama alivyoelezwa, na maziwa anatoa. Ila anayeishi na mama yake asinunue. Ova."