Uso wa Machozi Uliovuka Ziwa

Mke wangu Marthe hununua samaki kwa Jairos, mvuvi wa kisiwa cha Kilwa humu ziwani, akawauza hapa Nchelenge. Wanaandikiana kwa simu ndogo za vitufe, zisizo na picha, kwa hiyo kicheko wanakichora kwa alama. Sisi tuliotoka Kongo tunachora hivi: :-) Uso umelala, unainamisha kichwa ndipo unaona mdomo unacheka. Jairos anachora hivi: (^_^) Uso umesimama, mdomo umenyooka kama fimbo, macho ndiyo yanacheka. Alifundishwa na Mjapani mmoja waliyechimba naye visima.

Jioni moja nilimkuta Marthe akimjibu kwa macho hayo hayo. Mimi alikuwa bado ananitumia ule wa kulala.

"Tangu lini unacheka kama Jairos?"

"Njo vile yeye anazoea kusoma. Sasa unaonea alama wivu, papa Reine?" Huniita kwa jina la binti yetu.

"Minaonea mutu."

"Basi ukuwe unanunua samaki weye mwenyewe." Akachukua ndoo, akaenda kuchota maji.

Simu aliiacha. Nikatafuta uso wa hasira. Nilikumbuka kwamba siku upepo ulipomrarulia nyavu, Jairos aliandika (T_T). Mimi niliona nyusi kali na macho yaliyokazwa. Nikamtumia huo, bila neno, ajue nyumba hii ina mwanaume. Kisha nikaufuta.

Asubuhi Jairos alifika na koti jeusi na gunia la samaki wakavu. Kwenye kilio huendi mikono mitupu. Akaketi chini uani bila kusalimia, kama watu wanavyofanya msibani.

"Pole, ba Marthe," akasema Jairos kwa heshima, mke wangu alipotoka jikoni. "Niliona machozi tu, neno hakuna. Nikajua njo bwana yako alikufa."

"Bwana yangu ule pale."

Jairos akageuka, akaniona mlangoni.

"Ah. Uko muzima."

"Niko."

Marthe akanitazama, akaitazama simu, akaelewa.

"Machozi aliandika yeye. Alizani ni hasira," akamwambia Jairos. "Usirudi na njaa. Nitapika."

Mdomo wa Marthe haukusogea. Macho ndiyo yalipinda, yote mawili, na hayakuwa yakinitazama mimi.

Tukala samaki wa kilio changu. Nililiangalia lile koti. Lilikuwa limepigwa pasi.