Kengele Isiyojaribiwa

Kinyozi hajinyoi, na fundi wa intaneti kwake hutumia ruta mbovu. Ndivyo ilivyokuwa kwa huyu bwana ambaye wenzake kazini walimwita Nguzo, kwa kuwa nusu ya maisha yake aliimaliza juu ya nguzo za watu, mkanda kiunoni, akiwaunganishia mtandao. Ruta ya nyumbani kwake ilizima na kuwaka kama inavyotaka yenyewe. Kwenye nyumba nyingine hilo lingekuwa kero tu. Kwenye nyumba ile lilikuwa hatari, kwa sababu ya kengele ya mama.

Mama yao alianguka bafuni mwaka uliotangulia, akavunjika nyonga. Mchana alibaki peke yake. Nguzo alikuwa kwenye nguzo zake, na dada yake mkubwa, fundi cherehani, alikuwa kiwandani akishona sare. Basi dada akanunua kengele: kitufe chekundu cha kuvaa shingoni, chenye ukubwa wa kifuniko cha chupa, na kiboksi cheupe kilichochomekwa kwenye umeme nyuma ya kabati la mama. Mama akibonyeza kitufe, kiboksi kinapitisha habari kwenye waifai, na simu za watoto wote wawili zinalia mlio wa kengele ya baiskeli. Msimamizi wa kiwanda, mtu mgumu kama kisigino, alimruhusu dada aiweke simu mezani kando ya cherehani kwa ajili ya mlio huo tu. Na walikubaliana hivi: anayeusikia ampigie mama papo hapo, aseme, "Naam, mama," ili mama ajue kwamba amesikika.

Mwanzoni mama aliifanya kengele kuwa mtumishi wake. Pazia halijafungwa vizuri, anabonyeza. Amesahau jina la binamu fulani, anabonyeza. Siku moja Nguzo aliteremka kwenye nguzo mbio mbio, akaacha nyumba mbili hazina mtandao, akaendesha pikipiki roho mkononi, kumbe mama alitaka amwondolee paka dirishani. Jamani! Alifoka siku ile kuliko mtoto anavyopaswa kumfokea mzazi.

"Mama, hii ni kengele ya kufa na kupona! Kama hufi, usiibonyeze!"

"Haya, baba. Nimesikia," mama akasema. "Sitaibonyeza mpaka nife." Na hakuibonyeza tena. Alikuwa mwanamke wa neno lake, na akinuna, ananuna mwaka mzima. Kitufe kilimning'inia shingoni miezi na miezi, na hakuna aliyethubutu kukitaja.

Asubuhi ya siku tunayoizungumzia, Nguzo alirudi na ruta mpya aliyoiazima stoo ya ofisini. Ilikuwa saa mbili, dada alikwisha kwenda kazini. Alichomoa ile kuukuu, akachomeka mpya, akakaa sakafuni kuitazama. Taa ya umeme ikawaka kijani. Taa ya mtandao ikawaka nyekundu, ikabaki nyekundu.

Alifanya yote anayowafanyia wateja. Alizima, akahesabu hadi thelathini, akawasha. Akabadili waya. Akapuliza vumbi kwenye tundu la ukutani. Simu yake iliiona waifai vizuri kabisa, ikamwandikia kwamba intaneti hakuna. Akajikuna kichwa kama mwanafunzi, kisha akajipiga paji la uso. Loo! Ofisi haiijui sura ya mtu, inajua namba iliyobandikwa chini ya ruta. Namba iliyoandikishwa ilikuwa ya ile kuukuu. Akampigia mwenzake wa dawati la huduma kwa wateja, msichana mmoja mcheshi.

"Nguzo na wewe umekuwa mteja leo?" yule msichana akacheka. "Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Acha utani, nibadilishie namba."

Alimbadilishia. Baada ya dakika mbili taa ikageuka kijani, na Nguzo akajisikia bingwa.

Hapo ndipo alipoharibu. Wateja wake wote aliwaimbia wimbo mmoja: ukibadili ruta, ipe jina lile lile na neno la siri lile lile, vifaa vyako vitarudi vyenyewe kama kuku wanavyorudi bandani. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini neno la siri la nyumba ile halikuwa siri. Mama alimgawia kila aliyepita kumjulia hali. Mchuuzi wa sabuni alikuwa nalo. Msusi wa saluni ya jirani alikuwa nalo, na kila alipokosa mteja alikuja kukaa kwenye ngazi ya nyuma, chini ya dirisha la mama, akatazama video zake huku wakipiga soga. Nguzo alichoka kulisha mtaa mzima. Akaipa ruta mpya jina jipya na neno jipya, akaunganisha simu yake, kompyuta ya dada na televisheni. Akaenda chumbani kwa mama.

"Waifai imebadilika, mama. Na usimpe mtu neno la siri, maana hata wewe sikupi."

"Na wageni wangu je?"

"Wageni wako wanakuja kukuona wewe au kuona video?"

"Wanakuja," mama akasema. "Mimi siwaulizi wamefuata nini."

Nguzo akainama nyuma ya kabati. Kiboksi cha kengele kilikuwa na taa ya kijani. Sasa nisikilizeni: huyu bwana ndiye aliyewaambia wateja kila siku kwamba taa ni shahidi wa umeme, si shahidi wa mtandao. Kifaa hakijafanya kazi mpaka kimefanya kazi mbele ya macho yako. Alijua cha kufanya, na alitaka kukifanya.

"Mama, bonyeza kengele mara moja nione kama inalia."

Mama akageuza uso ukutani. "Si ulisema mpaka nife?"

"Nataka kujaribu tu."

"Mimi sijafa. Nikifa nitakujaribia."

"Mama, jamani..."

"Nenda kazini, utachelewa."

Angeweza kunyoosha mkono, akakibonyeza mwenyewe. Kilikuwa pale kifuani pa mama, hatua moja tu. Lakini kumvua mama kitufe shingoni kwa nguvu ni ugomvi wa wiki, na simu ilikuwa ikiita, msimamizi wake anamtafuta. Tena alikuwa na hasira, tuseme kweli. Akaitazama ile taa ya kijani. Akasema, "Shauri yako," akatoka.

Siku nzima simu yake haikulia mlio wa baiskeli, naye hakuushangaa ukimya huo, maana alikwisha kuuzoea kwa miezi.

Alirudi saa kumi na nusu. Mama alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na meza ilipokuwa simu yake ndogo kwenye chaji. Alikuwa amepoa. Kamba ya kitufe ilikuwa imemzunguka kiganjani, na kitufe chenyewe kilikuwa chini ya mwili wake. Nguzo alipiga magoti, akamwita, akamwita tena. Kisha, kabla hata ya kumwita mtu mwingine, aliinua macho akatazama nyuma ya kabati. Akili ya ufundi haina adabu, haingoji msiba upite. Palepale alijua kwamba kile kiboksi kilikuwa bado kinalitafuta jina la zamani, ndani ya nyumba ambayo jina hilo halimo tena.

Daktari alisema ni moyo. Huenda ilikuwa ghafla, alisema, huenda hakuteseka. Nguzo aliishika hiyo "huenda" kwa mikono miwili.

Dada alifika na sindano za kushonea bado zimechomekwa kwenye ukosi. Swali lake la kwanza lilikuwa hilo hilo. "Alibonyeza?"

"Simu yangu haikulia," Nguzo akasema. "Yako je?"

"Haikulia. Nilikuwa nayo mbele ya macho siku nzima."

"Basi hakubonyeza."

Kuhusu simu hakusema uongo hata neno moja, na hilo la mwisho lilikuwa kisio alilotaka liwe kweli. Kuhusu ruta hakusema kitu.

Basi likawa neno la msiba mzima. Mama mdogo, mdogo wake marehemu, alilia huku akigombana na maiti. "Dada yangu na kiburi chake! Kengele shingoni, mtu anakufa habonyezi! Kisa aliambiwa neno na mtoto!" Watu wakatikisa vichwa. Dada alisimama makaburini akanong'ona, "Mama, kwa nini hukubonyeza? Ningekuja. Ningekimbia." Nguzo alikuwa karibu, alisikia kila neno, akatazama viatu vyake. Msusi naye alimjia akifuta machozi. "Siku ile mtandao ulinikataa, kaka, nikarudi zangu saluni. Ningekaa pale kidogo tu." Nguzo alimwambia asijilaumu. Huruma ya kumpa msusi alikuwa nayo, ila marehemu alimwacha abebe lawama peke yake.

Alikuwa na hoja zake, usidhani hakuwa nazo. Mama aliapa, na mama hakuwahi kuvunja neno. Kama hakubonyeza, basi kengele iwe nzima au iwe mbovu, mambo yangekuwa yale yale. Alijirudia hilo asubuhi na jioni. Maisha yake yote yalikuwa yamekaa juu ya hoja hiyo moja, kwamba mama hakubonyeza.

Wiki mbili zikapita. Ndugu wakarudi makwao. Chumba cha mama hakuna aliyekigusa, mlango ulifungwa tu. Jumamosi moja mchana msimamizi wake wa kazini akampigia: pole na msiba, bwana, lakini ile ruta ya stoo inatakiwa. Nguzo hakuona ubaya. Akaitoa ya zamani kwenye boksi, akaifuta vumbi, akachomoa mpya, akaichomeka. Dada alikuwa jikoni anaosha vyombo.

Taa ya mtandao ikawa nyekundu, kama ilivyotarajiwa. Akampigia yule wa dawati, ambaye safari hii hakutania. "Pole sana, Nguzo. Ngoja nikurudishie namba." Alikaa sakafuni akingoja, pale pale alipokaa siku ile. Taa ikageuka kijani.

Ruta ya zamani ilikuwa na jina lake la zamani na neno lake la zamani. Na nyuma ya kabati, katika chumba kilichofungwa, kile kiboksi cheupe kilikuwa bado kimechomekwa. Kiliisikia waifai yake, kikajiunga. Nguzo hakujua, kwa sababu kengele ilinunuliwa na dada na karatasi yake ya maelezo hakuisoma kamwe, kwamba kiboksi kisipopata mtandao hakitupi kitu. Kinaweka, kinangoja.

Simu yake ikalia mlio wa kengele ya baiskeli.

Jikoni sahani ilianguka. Simu ya dada nayo ilikuwa ikilia. Kisha zikalia tena, zote mbili kwa pamoja, na tena, na tena. Nguzo alikuwa ameishika simu mkononi asiweze kuizima. Kwenye kioo maandishi yalikuwa yakipangana: Mama amebonyeza. Mama amebonyeza. Na kila mstari ulikuwa na tarehe ya siku ile na saa yake.

Dada alitokea mlangoni, mikono ina povu hadi kwenye viwiko, simu mkononi. Alisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayejifunza kusoma.

"Saa saba na dakika nane. Saa saba na kumi. Na kumi na moja. Na kumi na tano." Akaruka hadi wa mwisho. "Mpaka saa saba na arobaini. Nusu saa, mdogo wangu. Nusu saa nzima mama anatuita."

Nguzo aliiweka simu yake sakafuni.

"Ulisema hakubonyeza."

"Nilisema simu hazikulia."

"Nini kilitokea?"

Akamwambia. Alimwambia jina jipya, neno jipya, taa ya kijani. Maneno yalikuwa machache ajabu, hayakujaza hata dakika moja. Dada alimsikiliza huku bado anatazama kioo, akateremka na kidole mpaka mstari wa kwanza kabisa.

"Huu je? Saa tatu na dakika ishirini na moja asubuhi. Saa tatu alikuwa na nini?"

Nguzo alihesabu, ingawa hakuhitaji kuhesabu. Saa tatu na robo ndipo aliposema shauri yako. Saa tatu na ishirini na moja alikuwa nje ya geti, pikipiki inamsumbua kuwaka, anaikanyaga na kulaani.

"Hakuwa na kitu," akasema. "Mimi ndiye niliyemwomba ajaribu. Alikataa. Nilipotoka ndipo akanijaribia."

Mama alikuwa amelegeza msimamo, alikuwa amevunja kiapo chake kwa ajili yake, akalala pale na simu yake ndogo, akingoja iite na mtoto wake aseme, "Naam, mama." Haikuita. Alidhani nini? Kwamba kengele imekufa, au kwamba mwanawe ameisikia akaendelea na safari? Ilipofika saa saba alibonyeza mara nane, akiwa hajui lipi ni lipi. Nguzo aliinamisha kichwa magotini akalia kwa sauti, kilio ambacho makaburini kilikataa kutoka.

Dada hakumgusa wala hakumtukana. Alikaa kwenye kiti, akaiweka simu yake mezani, kioo juu, kama alivyokuwa akiiweka kiwandani. Povu lilimkaukia mikononi. Mwishowe akasema, "Mpigie mama mdogo."

"Dada, nipe muda kidogo."

"Mpigie sasa hivi. Mwambie mama alibonyeza. Kisha utampigia na msusi, na wote waliosema kiburi."

Nguzo alifuta uso kwa mkono wa shati, akatafuta namba. Mtandao ulikuwa mzuri. Simu iliita mara moja tu, ikapokelewa.