Damu Kwenye Maji ya Udhu

Alfajiri ile Sikitu alisukutua, akatema, akaona maji ya kwenye beseni yamekuwa mekundu. Si jambo kubwa, utasema. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minne hutema damu kidogo, akaosha kinywa, akaendelea na kazi zake. Lakini hapa palikuwa Beni, mashariki mwa Kongo, mwaka wa pili wa Ebola, na redio ilikuwa ikiwaimbia watu dalili zile zile asubuhi, mchana na jioni: homa, kutapika, damu ya puani, damu ya ufizi. Sikitu alikuwa amezikariri kuliko jina la ukoo wake. Akayamwaga maji chini ya mgomba na kuyafukia kwa mguu.

Nyumba ya jirani alikuwa akiishi Godelive, naye alikuwa mjamzito. Siku moja pua ilimtoka damu sokoni. Gari jeupe likaja, watu waliovaa plastiki kutoka kichwani hadi miguuni wakambeba, na aliporudi alirudi ndani ya mfuko, mtoto angali tumboni. Wakamzika watu ambao hata nyuso zao hazikuonekana. Sikitu aliyatazama mazishi hayo kutoka mbali, mikono juu ya tumbo lake. Mimba zake mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ndiyo iliyoshika, na hofu yake ilikuwa moja tu: wakiiona damu watamchukua, na akichukuliwa, mtoto amekwenda.

Basi akafanya kile anachofanya mtu aliyeshikwa na hofu. Mswaki si ndio ulioleta damu? Akautupa chooni. Wakati wa udhu akawa anagusisha maji midomoni tu, kwa kujifanya, kinywa kimefungwa. Hata kliniki ya wajawazito akaacha kwenda, maana kule wanakwambia ufunue macho na utoe ulimi. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuishi Beni mwaka wa Ebola.

Na ufizi nao hauna huruma, ukiuacha mchafu haujiponyi wenyewe. Ukavimba, ukawa laini, ukaanza kutoa damu bila hata kuguswa. Asubuhi Sikitu anaamka, mto una madoa. Anaugeuza upande wa pili, anatandika, anatoka uani akitabasamu bila kuonyesha meno.

Humo ndani aliishi na mama mkwe wake, Hawa, mjane aliyeuza vitenge sokoni. Alikuwa na mdomo mkali, na tangu ndoa ifungwe hakuwahi kumsifia Sikitu hata chumvi ya mchuzi. Shafii, mwana wa Hawa na mume wa Sikitu, alikuwa dereva wa lori wa njia ya Butembo, leo yupo, kesho hayupo. Lakini miezi ile Hawa alibadilika. Alianza kumtekea mkamwana wake maji ya udhu, na beseni akalimwaga mwenyewe. Akafua mashuka na mito ya nyumba nzima kabla jua halijatoka. Akaacha kwenda sokoni, akawa anakula na Sikitu sahani moja, na wageni wakija aliwazuia uani.

"Muke ya Shafii analala," alikuwa akiwaambia. "Mimba inamuchokesha. Murudie siku ingine."

Sikitu alishukuru kimoyomoyo, akadhani mjukuu ndiye anayemlainisha bibi yake. Tangu lini mama mkwe akafua mto wa mkamwana? Hilo hakujiuliza.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, jino la nyuma likaanza. Maumivu ya jino yana adabu mbovu: hayabishi hodi na hayaagi. Shavu likavimba mpaka jicho likafumba nusu. Kula hakuweza, kulala hakuweza, homa ikapanda. Shafii aliporudi kutoka safari na kumwona, alishika kichwa.

"Sikitu, ni nini hii?"

"Ni jino."

"Jino tu? Mais, mbona uko moto sana!"

"Ni jino, Shafii. Usinipeleke ku hôpital ya hapa. Batasema ni Ebola, batanibeba."

"Donc, basi tunaenda Butembo. Kule kuko docteur ya meno. Tunaenda leo."

Hawa akasimama mlangoni na kushika miimo yote miwili.

"Hapana kumutosha inje ya nyumba! Ku barrière batamuona!"

"Mama, huyu atakufa na jino, na wewe unafunga mulango?"

Hawa alimtazama mwanawe kwa macho ambayo Shafii hakuyaelewa. Kisha akajitanda ushungi, akapanda lori pamoja nao.

Kwenye barrière, kizuizi cha njia ya Butembo, watu wote walikuwa wakishuka, wananawa mikono kwa maji yenye dawa, wanapimwa homa kwenye paji la uso. Mpimaji alimwelekezea Sikitu kipimo, akakisoma, akarudia tena.

"Mama, uko na homa. Unatoka damu fasi yoyote ya mwili?"

Sikitu alifungua kinywa aseme hapana. Kabla neno halijatoka, usaha na damu vikamtiririka kidevuni.

Foleni nzima ikarudi nyuma. Hawa peke yake ndiye aliyemsogelea. Alimfuta kwa ncha ya ushungi wake, kwa mikono mitupu, akimfuta tena na tena, mpaka wapimaji walipomvuta kando.

Katika kituo cha Ebola alikopelekwa, walizichoma nguo za Sikitu. Wakampa kitenge kipya, sabuni, mswaki na dawa ya meno, wakamlaza kwenye chumba chenye kuta za plastiki na kumtoa damu ya kupima. Muuguzi wake aliitwa Tamar. Jina hilo lilikuwa limeandikwa kwa kalamu kifuani, kwa kuwa uso wake ulikuwa umefunikwa. Tamar akammulika kinywani, akautazama ufizi.

"Gencives zako zilianza kutoka damu lini, mama?"

"Mwezi ya ine."

"Na mswaki?"

"Niliacha. Niliogopa damu."

Tamar akazima tochi.

"Mimba inafanyaka vile kwa bamama bengi," akasema. "Gencives inavimba, inatoka damu. Njo pale unapashwa kupiga mswaki polepole kila siku, usukutue na maji ya chumvi, uende kwa docteur ya meno. Mimba haikatazi. Sasa microbe, kadudu ya ugonjwa, ilishaingia mu jino, na naogopa ilishaingia mu damu."

Wakamtundikia dawa. Kabla chupa haijafika nusu, uchungu wa uzazi ukaanza. Sikitu alibana miguu, akamwomba mtoto angoje, akamwomba Mungu, akakumbuka sala zote za miezi ile, alizozisali kwa kinywa kisichosukutuliwa, akaona aibu na bado akaomba. Binti alitoka kabla ya alasiri. Hakulia. Tamar alimpulizia pumzi kwa mpira, akambonyeza kifua kwa vidole viwili, akaendelea hata mwenzake alipomgusa bega. Hakulia.

Majibu ya vipimo yalitoka kesho yake: si Ebola. Shafii, aliyekuwa ametoka kutazama kwa mbali binti yake akizikwa, alikaa chini kwenye vumbi na kulia kwa sauti. Hawa aliushika wavu wa rangi ya machungwa uliowatenga wagonjwa na wageni. Sikitu alikuja taratibu, akasimama upande wa ndani.

"Si Ebola?" Hawa aliuliza. "Banasema si Ebola?"

"Si Ebola, Mama. Ni meno."

Hawa alitikisa kichwa kama anayekataa mzigo.

"Nilionaka damu tangu mwezi ya ine. Mu beseni, na ku mto. Nilijua ni Ebola. Nikasema, huyu hapana, habatamubeba kama Godelive. Kama ni kufa, tukufe bote wawili." Akaegemeza paji la uso kwenye wavu. "Nilikuficha, mwana yangu. Nilikuficha muzuri sana."

Moyo ulimwuma Sikitu kuliko jino lolote, na hakujua amchukie mama huyu au amkumbatie. Alitia mkono kwenye pindo la kitenge, akautoa mswaki wa kituo. Akaanza kupiga mswaki pale pale, mbele ya Hawa, polepole kama alivyofundishwa. Akainama, akatema. Povu lilianguka chini likiwa jekundu, mchana kweupe. Tamar alikuwa akipita na ndoo. Aliliona, akamsalimia, akaendelea na kazi zake.